Miezi minne isiyo na mwenyewe

Kila mwaka, kwa kawaida wiki ya pili ya Septemba, watoto wa darasa la saba Tanzania Bara hukaa siku mbili kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Siku ya pili jioni wanarudi nyumbani, na shule ya msingi inakuwa imemalizana nao. Sekondari itawaita Januari. Katikati pana miezi minne, theluthi nzima ya mwaka, na ukiuliza katika miezi hiyo mtoto huyu ni wa nani, hupati jibu. Mwalimu wake wa la saba keshahamia kwa darasa la sita. Mkuu wa shule atakayempokea hata jina lake hajalisikia, kwa kuwa orodha ya waliochaguliwa haijatoka. Halmashauri ina afisa elimu wa awali na msingi, ina na afisa elimu sekondari, kila mmoja na vikao vyake na takwimu zake. Mtoto wa mwezi Oktoba hayumo kwenye daftari la yeyote kati yao.

Tunapojadili kwa nini vijana wengi wanazama kidato cha kwanza na cha pili, huwa tunakimbilia lugha, walimu wa sayansi, au maabara zisizo na kemikali. Yote ni kweli. Ila nyuma yake kuna jambo la kiutawala ambalo ni rahisi zaidi kulitibu: kumvusha mtoto kutoka msingi kwenda sekondari si kazi ya mtu yeyote. Kazi isiyo na mwenyewe haina bajeti, haina ripoti, na haikaguliwi.

Tuseme kwanza tulichokiweza, maana kipo. Kwa muda mrefu swali la kwenda sekondari lilikuwa swali la nafasi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ulizaa shule za kata. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada hadi kidato cha nne. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, yakajengwa madarasa 15,000, 12,000 kati yake ya sekondari, na Januari iliyofuata watoto wote waliofaulu wakaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja bila kusubiri chaguo la pili. Mwaka 2023 waliofaulu la saba walizidi 1,090,000, kama asilimia 80 ya watahiniwa. Anayebeza haya hakumbuki enzi ambazo kijiji kizima kilipeleka mtoto mmoja sekondari na mwaka uliofuata kisipeleke hata huyo mmoja.

Mafanikio hayo yakatuachia mazoea ya kuhesabu. Tunahesabu vyumba, viti na meza, matundu ya vyoo. Januari ikifika mkuu wa wilaya anazunguka na waandishi wa habari kuuliza wangapi wameripoti, anaagiza wasio na sare wapokelewe hivyohivyo, anatishia kuwakamata wazazi wanaoficha watoto. Mtoto akishavuka geti anawekewa alama ya vyema na hesabu inafungwa. Kilichomkuta ndani ya geti hakina safu yake kwenye fomu.

Sasa tumtazame huyo aliyevuka geti. Mwaka mzima wa la saba amefundishwa kupambana na mtihani ambao kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua herufi. Amepitishwa kwenye mitihani ya ujirani mwema, ya utimilifu, ya kata na ya wilaya, mpaka akajua kuotea kwa akili: futa mbili ambazo haziwezekani, chagua kati ya mbili zilizobaki. Hakuna anayemlaumu mwalimu wake, shule inapimwa kwa hayo. Lakini sekondari anaombwa aeleze, afafanue, alinganishe, aandike insha yenye utangulizi na hitimisho, tena kwa lugha ambayo hajawahi kuandikia barua kwa shangazi yake. Hajawahi kuandika hoja kutoka kwenye maelezo ya mwalimu kwa maneno yake mwenyewe. Huo ni ujuzi unaofundishika kabisa, na kwenye ratiba ya kidato cha kwanza hauna kipindi.

Lugha ndiyo nzito. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, sekondari inafundisha kwa Kiingereza, na badiliko linafanyika usiku mmoja. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu, anayetafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 12 na 18 kabla hujamaliza kuandika swali ubaoni, anakutana na swali lilelile chini ya herufi LCM na anakaa kimya. Anadhani ni somo jipya. Mwalimu naye, akiona darasa zima kimya, anadhani kapokea mbumbumbu. Wiki mbili tatu za namna hiyo zinatosha kumfanya mtoto aamini hesabu zimemshinda, na mtoto akishaamini hivyo akiwa na miaka kumi na minne, kumrudisha ni kazi ya miaka.

Kinachotokea darasani kila mwalimu wa sekondari anakijua, ingawa hakisemwi vikaoni. Mwalimu anaandika nukuu ubaoni kwa Kiingereza, anazieleza kwa Kiswahili ili zieleweke, wanafunzi wananakili kwenye kauntabuku zao wasichoweza kukisoma peke yao, kisha mtihani unakuja kwa Kiingereza kitupu. Taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zimekuwa zikirudia jambo moja mwaka hata mwaka: wapo watahiniwa wanaonakili maneno ya swali na kuyafanya jibu. Huyo si mvivu. Ni mtu aliyepewa karatasi asiyoweza kuisoma, na kwa heshima akaamua kuijaza.

Shule nyingine zimeona dawa ni kuzuia Kiswahili. Unavuka lango unakutana na bango linaloamuru Kiingereza tupu, na anayekamatwa akiongea lugha ya kwao anavishwa kibao shingoni au anaandikwa jina kwa mwalimu wa zamu. Sijaona mtoto aliyejifunza lugha kwa kunyamazishwa. Nimeona wanaojifunza kunong'ona.

Haya si mageni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza ifikapo 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta walio wengi hawana uwezo wa kujifunza kwa lugha hiyo, hata wale wa madarasa ya juu ya sekondari. Jibu lililofuata halikuwa kubadili lugha. Ulikuja mradi wa msaada wa kukiimarisha Kiingereza, pamoja na vitabu vyepesi vya hadithi vya kuwazoesha wanafunzi kusoma. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikarudi kutamka Kiswahili kwa ngazi zote. Toleo lake la 2023 likaacha Kiingereza sekondari. Zanzibar, kwa sera yake ya 2006, iliamua hisabati na sayansi zianze kwa Kiingereza darasa la tano, ikausogeza mpaka huohuo kwa mtoto mdogo zaidi.

Mimi niko upande wa Kiswahili, sifichi. Lakini zaidi ya miaka arobaini ya mabishano haya imetufundisha jambo ambalo sisi wa upande huu hatupendi kulikiri: wakati wakubwa wanabishana lugha ipi itumike, kila Januari kuna kundi jipya linaingia darasani na lugha iliyopo. Mtetezi wa Kiswahili hataki kusikia kuhusu kuboresha Kiingereza cha kidato cha kwanza kwa sababu kwake ni kusalimu amri. Mtetezi wa Kiingereza anaona mtoto atazoea tu, "mbona sisi tulizoea". (Aliyezoea ndiye aliyebaki kusimulia. Wasiozoea hawaandiki kwenye magazeti.) Kati ya kambi hizo mbili mtoto wa shule ya kata hana wakili.

Mfumo wenyewe unajua kuna shimo hapo, ndiyo maana kuna ile kozi ya awali ya kidato cha kwanza, ambayo walimu wameizoea kwa jina la "baseline": wiki za mwanzo, kwa kawaida sita, za kumwandaa mwanafunzi kwa Kiingereza kabla ya muhtasari kuanza. Wazo ni zuri. Utekelezaji wake ndio unaosikitisha, na kila mwenye ndugu shuleni anajua kwa nini. Wiki ya kwanza ya njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, ni ya kwanja, fagio na ndoo. Ya pili darasa bado nusu, kwa kuwa wazazi wanakusanya hela ya sare, rimu ya karatasi na mchango wa chakula, na wengine wataripoti Februari, wengine Machi. Kozi yenyewe anaachiwa mwalimu wa Kiingereza peke yake, mwenye mikondo minne au mitano. Wenzake wa Fizikia na Jiografia wanaanza sura ya kwanza palepale, kwa sababu mkaguzi akija, au mdhibiti ubora kama anavyoitwa siku hizi, atauliza muhtasari umefika wapi. Hatauliza darasa limeelewa maneno mangapi. Kwa hiyo kozi ya wiki sita inageuka vipindi vichache vya salamu na majina ya vitu vya darasani, na mtoto aliyeripoti Machi hakuiona kabisa.

Wenye uwezo wamekwisha kulitatua tatizo hili kwa njia yao. Septemba hiyohiyo mtihani ukiisha, mijini vinajaa vituo vya "pre-form one". Mtoto wa mtumishi au mfanyabiashara anaanza Oktoba kusoma Biolojia na Kemia kwa Kiingereza, na Januari anaingia akijua tayari maneno ya sura tatu za mwanzo. Aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza hana hata haja ya hilo. Wanakaa dawati moja na mtoto ambaye miezi hiyo minne alikuwa akichunga, akiuza karanga stendi, au, kama ni msichana, akifanya kazi za ndani kwa watu mjini. Mwalimu akiuliza swali mkono unaonyooshwa ni uleule. Mwisho wa muhula tunawapanga kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mia na themanini, na tunaamini tumepima akili.

Kwa hiyo miezi minne hiyo si mitupu kwa wote. Mwenye hela anaitumia, na serikali imeiacha.

Ningeanza hapo. Kozi ya awali isingoje Januari, ianze mwisho wa Septemba, palepale shule ya msingi ambako mtoto anajua njia na chumba cha darasa la saba kimebaki wazi. Asubuhi tatu kwa wiki zinatosha. Si vema kuwa zaidi, kwa sababu mikoa mingi Novemba na Desemba ni kulima na kupanda, na mzazi ambaye ametoa kijana siku tano kwa miaka saba ana haki ya kumhitaji shambani. Kinachofundishwa kisiwe sura ya kwanza ya Fizikia. Kiwe ni kusoma hadithi nyepesi za Kiingereza, nyingi, kwa sauti na kimya. Kuandika sentensi tano kuhusu jana. Na kuyatafutia majina mapya yale ambayo mtoto anayajua tayari katika hesabu na sayansi. Miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Bristol, pamoja na wenzao, walishiriki kutengeneza vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza vyenye Kiingereza chepesi, picha, na maana za maneno magumu kwa Kiswahili. Maarifa ya kuandika kitabu cha namna hiyo tunayo nchini. Hayajafika kwenye dawati la shule ya kata.

Nani afundishe? Hapa ndipo mtu wa halmashauri atakunja uso, na ana haki, maana mwalimu wa msingi amechoka na wa sekondari yuko kwenye mitihani ya kidato cha pili na cha nne. Lakini kila kata leo ina vijana wenye shahada au stashahada ya ualimu wanaosubiri ajira, na wengi tayari wanajitolea shuleni kwa posho ya wazazi. Kuwalipa posho rasmi kwa wiki kumi na mbili, kwa kazi moja inayoeleweka, ni gharama ambayo ukiiweka pembeni ya bei ya chumba kimoja cha darasa haitishi. Shirika la Camfed, linalosaidia wasichana kusoma, limeonyesha jambo linalofanana kwa njia yake: wasichana waliomaliza shule zilezile hurudi kuwasaidia wadogo zao wanaoanza, na wanasikilizwa kuliko mtu mzima yeyote, kwa sababu walikaa kwenye viti vilevile.

Mwenye kazi awe afisa elimu kata. Sioni mwingine. Yeye ndiye ofisa pekee ambaye eneo lake lina shule za msingi na sekondari inayopokea watoto wa shule hizo, na yuko umbali wa kufikika; mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki kwa waratibu elimu kata, kama walivyoitwa wakati huo, ili wafike shuleni. Leo kazi yake ni kukusanya takwimu na kupeleka maagizo. Apewe na hii: kufikia Desemba awe na makabidhiano ya kila mtoto anayeondoka la saba.

Makabidhiano ya nini, kama mtoto ana namba ya PREM ya Baraza la Mitihani na alama zake ziko kwenye mfumo? Ya yale ambayo mfumo hauyabebi. Mwalimu wa la saba anajua kwamba huyu anasoma polepole lakini haachi kitu njiani, kwamba yule haoni ubao akikaa nyuma, kwamba wa tatu ana kifafa na mama yake huwa haulizi mpaka aulizwe, kwamba wa nne analelewa na bibi na ndiye anayepika. Anajua nani anacheza ngoma na nani alikuwa kiranja mzuri. Miaka saba ya kumjua mtoto inatupwa mwezi Septemba, na Januari mwalimu wa kidato cha kwanza anaanza upya na majina mia mbili kwenye karatasi. Nusu ukurasa kwa kila mtoto ungetosha. Mwalimu wa darasa la watoto sitini atahitaji siku tatu kuziandika, na baada ya mtihani siku hizo anazo.

Na siku moja ya Novemba la saba wote watembee hadi sekondari wanayotarajia kwenda. Waonyeshwe vyoo viko wapi, maktaba kama ipo, nani ni mwalimu wa malezi, ratiba ya vipindi inasomwaje. Wa kuwaonyesha wawe wanafunzi wa kidato cha pili, ambao wangali wanakumbuka. Njuka aliyewahi kumwona kiranja akicheka hatamuogopa sana Januari, na yale mateso ya kuwafanya wageni wafue nguo za wakubwa, au waimbe usiku bwenini, yanapungua pale mgeni anapokuwa na jina.

Kuna badiliko moja ndani ya sekondari ambalo halina gharama hata senti, na ndilo naamini litakuwa gumu kuliko yote. Tazama ratiba ya shule yoyote uone nani anafundisha kidato cha kwanza. Mwalimu hodari wa Hisabati yuko kidato cha nne. Mwenye Kiingereza kinachoeleweka yuko kidato cha nne. Kidato cha kwanza wanapewa aliyeripoti juzi, anayejitolea, au mwalimu wa mazoezi kutoka chuo atakayeondoka baada ya wiki nane. Mkuu wa shule anafanya hivyo kwa hesabu sahihi kabisa: matokeo ya kidato cha nne yanatangazwa, shule inalinganishwa na shule, wilaya na wilaya, na yeye mwenyewe anaweza kushushwa cheo. Hakuna mkuu wa shule aliyewahi kuitwa ofisini kueleza kwa nini wanafunzi wa kidato cha kwanza hawajui kusoma swali. Basi tunaweka walimu bora kwenye kuziba mwaka wa nne yale yaliyovuja mwaka wa kwanza, wakati nusu ya yaliyovuja hayazibiki tena. Mwalimu mmoja mzuri wa Hisabati akikaa na kidato cha kwanza muhula mmoja, akawaambia LCM ni KDS mnayoijua, ataokoa watu ambao hakuna kambi ya usiku ya kidato cha nne itakayowaokoa.

Mtaala mpya nao umetupa nafasi ambayo sijaona ikizungumzwa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Watu wamelibishania kama somo la uzalendo. Mimi naliona kama chumba pekee, ukiacha Kiswahili chenyewe, ambamo njuka anaweza kufikiri bila kukwama kwenye lugha. Humo ndimo afundishwe kunukuu, kufupisha, kupanga hoja, kuandika insha na kutetea wazo mbele ya wenzake. Akishajua kupanga hoja kwa Kiswahili, kilichobaki ni kuivisha Kiingereza. Tunavyofanya sasa tunamtaka ajifunze vyote viwili kwa wakati mmoja, ndani ya kipindi cha Kemia.

Kuhusu umbali nitasema kwa kifupi, maana wengi wamelieleza vizuri. Shule ya msingi iko kijijini, sekondari iko makao ya kata, na mtoto wa miaka kumi na minne anatembea saa mbili au anapanga geto, chumba cha kukodi, na wenzake wawili. Geto la mtoto wa kidato cha kwanza halina mtu mzima. Kwa msichana, hatari za hapo hazihitaji kuelezwa. Waraka Namba 2 wa mwaka 2021 uliruhusu waliokatishwa masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, warudi shuleni, na ni hatua ya haki, ila ni heri kuwa na orodha ya nani kapanga geto wapi kabla ya kuihitaji. Afisa elimu kata, tena.

Wenzetu wa Kenya walipoanzisha Gredi ya 7 Januari 2023 walikusudia kuipeleka sekondari, kisha jopo la rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu likashauri ibaki kwenye viwanja vya shule za msingi. Lawama zilikuwa nyingi na nyingine za haki, maana maabara hazikuwepo na walimu wanagenzi, waliokuwa bado kwenye mkataba wa mafunzo, walibebeshwa masomo wasiyoyasomea. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili alibaki karibu na kwao. Walau kuna mtu alikaa mezani akauliza: umri huu uvukie wapi?

Swali hilo linatujia sisi kwa kishindo. Kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao la saba wa mwisho wa mtaala wa zamani nao wanamaliza. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja. Mazungumzo yote niliyoyasikia kuhusu 2028 ni ya vyumba, madawati na ajira za walimu, na ni lazima yawepo. Ila fanya hesabu nyingine. Mtaala mpya unaanza Kiingereza darasa la kwanza, na watu wanajifariji kwamba tatizo la lugha litapungua. Litapungua kwa walioanza la kwanza mwaka 2024, na hao watafika sekondari Januari 2030. Wale wa darasa la sita wa 2027 walipokuwa la kwanza na la pili hawakuwa na somo la Kiingereza. Watakuwa wamelisoma miaka minne, la tatu hadi la sita, wakati wenzao wa la saba watakaoketi nao wamelisoma mitano. Kwa maneno mengine, kundi dogo zaidi kwa umri, la miaka kumi na miwili, ndilo litakaloingia sekondari likiwa na Kiingereza kidogo kuliko makundi yaliyolitangulia, katika madarasa yaliyofurika kuliko wakati wowote, likishindana na kaka na dada zao waliowazidi mwaka mzima. Wanaofuata, wa 2029, nao watakuwa na miaka minne hiyohiyo.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na halmashauri huanza kuandaa mipango yake miezi mingi kabla. Kozi ya Oktoba hadi Desemba 2027 itagharimiwa na bajeti ya 2027/28, ambayo madiwani wataijadili mwanzoni mwa mwaka 2027. Diwani anayetaka kuuliza swali moja tu katika kikao hicho aulize kifungu cha watoto wa Oktoba kiko ukurasa wa ngapi, na nani katika kata yake amesaini kuwa ni wake.